Utafiti katika tiba ya dharura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni jamaa waliosimama nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, karatasi ya ridhaa mkononi. Wa pili ni wahudumu wa afya waliofundishwa jambo chuoni, kisha wakafika kazini na kuambiwa siku hizi halifanywi tena. Nimewajibu pamoja, kwa sababu ukichimba chini wanauliza kitu kimoja: nitajuaje kwamba haya mnayomfanyia mgonjwa wangu yanamsaidia?

Utafiti wa aina hii hufanywaje?

Wagonjwa waliofika na tatizo la aina moja hugawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa tiba hii na wengine ile, kisha wote hufuatiliwa ili ijulikane nani amepona, nani amefariki, nani amebaki na ulemavu. Daktari hachagui nani apate nini. Akiachiwa achague, atampa dawa mpya yule anayemwona bado ana matumaini, au yule aliye hoi kuliko wote, na mwishoni hakuna atakayejua kama iliyofanya kazi ni dawa au ni uchaguzi wake. Mara nyingi hata yeye mwenyewe hajui ndani ya pakiti mna dawa au mna plasibo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake.

Mtu anakufa mbele yenu, nanyi mnafanya utafiti? Si mumtibu tu?

Swali hili huja na hasira, na anayeliuliza ana haki ya kukasirika. Lakini "kumtibu tu" maana yake ni kumpa kile tulichokizoea, na tulichokizoea kimeshawahi kuua.

Kwa miaka mingi watu walioumia kichwa walikuwa wakichomwa dawa za jamii ya steroidi. Hoja ilikuwa nzuri: ubongo ulioumia huvimba, steroidi hupunguza uvimbe, basi zitaokoa maisha. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa CRASH, uliohusisha wagonjwa 10,008. Ndani ya wiki mbili, waliopewa steroidi walifariki asilimia 21.1, na waliopewa plasibo asilimia 17.9. Katika kila wagonjwa mia, watatu zaidi walikufa kwa sababu ya dawa iliyotolewa kwa nia njema kabisa.

Daktari aliyekuwa akiitoa dawa ile asingeweza kuyaona hayo kitandani. Mgonjwa akifa, unasema jeraha lilikuwa kubwa. Akipona, unasema dawa imefanya kazi. Vifo vitatu katika mia havionekani kwa macho ya mtu mmoja hata akifanya kazi miaka thelathini. Huonekana tu pale wagonjwa maelfu wanapohesabiwa kwa uaminifu.

Ni utafiti gani mmoja ambao kila mtu angepaswa kuujua?

Kama utasoma jibu moja tu katika ukurasa huu, naomba liwe hili.

Mtoto analetwa na homa kali. Anapumua kwa shida au fahamu zinampotea, miguu imekuwa baridi, mapigo ya mkononi ni dhaifu na moyo unakwenda mbio. Damu haifiki vizuri kwenye viungo. Mwongozo uliofuatwa sehemu nyingi duniani ulisema mtoto huyu apewe maji mengi ya dripu kwa haraka, ili mishipa ijae na damu isukumwe. Ni mantiki ambayo hata asiye daktari anaielewa.

Kuanzia mwaka 2009 utafiti uitwao FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, uliijaribu mantiki hiyo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto walioharisha hadi kukaukiwa maji na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, kwa kuwa tiba yao ni nyingine. Waliobaki walipata antibiotiki, dawa ya malaria, oksijeni na damu kwa waliohitaji. Tofauti ilikuwa moja tu: kundi la kwanza lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili likapewa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa haraka, na la tatu likapewa maji ya kawaida ya kumtosha mtoto kwa siku, polepole.

Mpango ulikuwa kuwapata watoto 3,600. Walipofika 3,141, mwanzoni mwa mwaka 2011, kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ilisimamisha kazi. Katika saa 48 za mwanzo walifariki asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 10.6 ya waliopewa albumini. Katika kundi lililopewa maji polepole, waliofariki walikuwa asilimia 7.3.

Wengi walidhani maji yamejaa kwenye mapafu au ubongoni. Vifo vilipochambuliwa tena, ilionekana kwamba tofauti kubwa ilikuwa katika vifo vya moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Jambo lenyewe lililokusudiwa kutibiwa kwa maji ndilo lililozidi.

Nawaheshimu sana waliothubutu kuuliza swali lile, kwa sababu ndani yake kulikuwa na uwezekano wa kuambiwa kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukikosea. Nawakumbuka zaidi wazazi waliokubali. Mtoto anayelazwa leo na kupewa maji kwa uangalifu anakula matunda ya ridhaa yao.

Na kwa watu wazima, maji ya dripu vipi?

Hapa habari ni ndefu zaidi. Mwaka 2001 hospitali moja ya Marekani ilitoa matokeo ya wagonjwa 263 wenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyosambaa mwilini hadi viungo vinaanza kushindwa. Waliotibiwa kwa utaratibu mkali wa saa sita za mwanzo, wenye maji, dawa za kupandisha presha na damu kwa malengo maalumu, walifariki kidogo kuliko wenzao: asilimia 30.5 dhidi ya 46.5. Dunia nzima iliuiga utaratibu huo. Kisha mwaka 2014 na 2015 tafiti tatu kubwa za Marekani, Australia na Uingereza zikaupima upya na hazikuona faida.

Jibu zito zaidi lilitoka Lusaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachukua watu wazima zaidi ya mia mbili wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Waliofuata utaratibu wa maji mengi mapema walifariki asilimia 48.1, na waliopata matibabu ya kawaida walifariki asilimia 33.0. Watu kumi na tano zaidi katika kila mia!

Mwaka 2023 utafiti wa CLOVERS, wenye wagonjwa 1,563 nchini Marekani, ulilinganisha maji mengi na maji machache yanayofuatwa mapema na dawa za kupandisha presha. Vifo vilikaribiana sana, asilimia 14.9 na 14.0. Katika hospitali yenye mashine za kupumulia na muuguzi karibu na kila kitanda, maji yakizidi kuna namna ya kumwokoa mgonjwa. Pasipo na mashine, kosa lile lile halisahihishiki. Kwa hiyo anayekuambia kwamba matokeo ya hospitali tajiri yanafaa kila mahali, mwonyeshe matokeo ya Lusaka.

Nisieleweke vibaya: mtu aliyeharisha na kutapika hadi kukaukiwa anahitaji maji, na anayahitaji upesi. Tafiti hizi hazimhusu yeye.

Asidi ya traneksamiki ni nini, na kwa nini inatajwa kila mahali?

Ni dawa ya zamani. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1962. Kazi yake ni kulinda damu iliyoganda isiyeyushwe mapema, ili kidonda kiendelee kuziba. Utako alitamani itumike kuokoa akina mama wanaotokwa damu baada ya kujifungua. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya jambo hilo kupimwa ipasavyo.

Mwaka 2010 utafiti wa CRASH-2 uliijaribu kwa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Vifo vilishuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Mwaka 2017 utafiti uitwao WOMAN, wenye akina mama 20,060, ulionyesha kwamba vifo vya kutokwa damu baada ya kujifungua vilipungua kutoka asilimia 1.9 hadi 1.5, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike.

Kilichonigusa zaidi ni saa. Majeruhi wa CRASH-2 waliopata dawa ndani ya saa moja ndio waliofaidika zaidi. Kati ya saa moja na tatu, faida ilikuwepo bado. Baada ya saa tatu mambo yaligeuka: waliopewa dawa walikufa kwa kutokwa damu zaidi kuliko waliopewa plasibo, asilimia 4.4 dhidi ya 3.1. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha wagonjwa zaidi ya 40,000 ulikuta kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mhudumu anakuuliza kwa ukali "ameumia saa ngapi?" kabla hata hajakuuliza jina. Unayemleta majeruhi, ushike muda huo kichwani. Ni taarifa ya tiba.

Basi si mtu yeyote anayetokwa damu apewe?

Hapana. Utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020 uliijaribu kwa watu wanaotapika damu au kupata choo chenye damu, jumla 12,009. Vifo vya kutokwa damu vilikuwa asilimia 3.7 kwa waliopewa na 3.8 kwa wasiopewa, na damu kuganda kwenye mishipa ya vena iliongezeka kutoka asilimia 0.4 hadi 0.8. Vilevile WOMAN-2, mwaka 2023, iliwapa wanawake wenye upungufu wa damu kabla hawajaanza kutokwa damu, kama kinga. Haikukinga.

Je, kila uvumbuzi lazima uwe dawa mpya?

La, na mfano wake ndio unaonipa furaha kuliko yote niliyoyataja hapa. Mama akijifungua, damu anayopoteza ilikuwa ikikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na uliwahusu akina mama zaidi ya 210,000. Chini ya mama iliwekwa shuka ya plastiki yenye mfuko uliochorwa alama za mililita. Damu ikifika kwenye alama ya hatari, mkunga hasubiri: anasugua mfuko wa uzazi, anatoa dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki na maji ya dripu, na anakagua chanzo cha damu, vyote kwa mkupuo mmoja badala ya kujaribu kimoja kimoja na kungoja.

Matokeo mabaya, yaani kupoteza damu kuanzia lita moja, kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu au kufariki kwa kutokwa damu, yaliwapata asilimia 1.6 ya akina mama, wakati katika hospitali zilizoendelea na desturi yalikuwa asilimia 4.3. Katika hospitali hizo za desturi, karibu nusu ya akina mama waliotokwa damu kupita kiasi hawakutambuliwa. Dawa zote zilikuwa zinajulikana tangu zamani. Kilichopungua kilikuwa kipimo, na ruhusa ya kutenda mapema.

Ridhaa inapatikanaje kwa mtu asiye na fahamu?

Njia ni kadhaa, na kila moja hukaguliwa na kamati ya maadili kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa. Jamaa akiwepo, ataombwa yeye. Muda ukiwa mdogo mno, huelezwa kwa ufupi kwa mdomo na kuulizwa kama anakataa, kisha maelezo kamili na sahihi hufuata hali ikitulia. Katika FEAST njia hii ilitumika kwa wazazi wa watoto waliokuwa mahututi. Mahali pengine sheria inaruhusu kuanza bila ridhaa kwa masharti makali: hatari iwe ya kifo, tiba iliyopo isiwe imethibitishwa, na mgonjwa mwenyewe awe na nafasi ya kufaidika. Akizinduka, yeye au jamaa zake huambiwa, na wanaweza kukataa kuendelea. Uingereza, katika utafiti wa adrenalini, dawa ya kuuchochea moyo, nitakaoueleza hapa chini, mtu mzima aliyekuwa hataki kuhusishwa aliweza kuomba bangili maalumu, na wahudumu wa gari la wagonjwa wakiiona hawakumwingiza.

Mimi naona sahihi inayopatikana kwa mama anayelia, aliyesomewa kurasa nane ambazo hakusikia hata moja, ni ya kumlinda mtafiti kuliko kumlinda mtoto. Heri maneno machache ya kweli sasa, na mazungumzo marefu kesho.

Nikiingia kundi la plasibo, ninaachwa bila tiba?

Haachwi mtu. Matibabu yote ya kawaida huendelea kwa makundi yote. Plasibo huongezwa juu yake, haichukui nafasi yake.

Matokeo ya "hakuna tofauti" yana faida gani?

Yanaondoa mzigo. Kwa miongo mingi mtu mwenye mshtuko wa moyo alivalishwa oksijeni hata kama kiwango chake kwenye damu ni kizuri. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 6,629, ulikuta vifo katika mwaka mmoja ni asilimia 5.0 kwa waliopewa na 5.1 kwa wasiopewa. Mtungi ule sasa unaweza kwenda kwa mtu anayeuhitaji.

Kwa nini mnabadilika badilika? Jana mgonjwa apoozwe mwili kwa baridi, leo si lazima.

Ni kweli. Mwaka 2002 tafiti mbili ndogo zilionyesha kwamba aliyefufuliwa baada ya moyo kusimama akipoozwa mwili hadi nyuzi 32 mpaka 34, ubongo hupona vizuri zaidi. Hospitali zikanunua mashine. Mwaka 2013 utafiti wa wagonjwa 939 haukuona tofauti kati ya nyuzi 33 na 36. Mwaka 2021 wagonjwa wapatao 1,900 walilinganishwa, nyuzi 33 dhidi ya kuzuia homa tu: baada ya miezi sita walikuwa wamefariki asilimia 50 na 48. Tafiti ndogo hutetereka. Kubwa iliyofuata haikuwasaliti watafiti wa kwanza, ilikamilisha hesabu yao.

Moyo ukisimama, adrenalini inaokoa?

Inarudisha mapigo. Kuokoa ni swali jingine. PARAMEDIC2 ya Uingereza, mwaka 2018, ilihusisha watu 8,014 ambao moyo ulisimama nje ya hospitali. Waliokuwa hai baada ya siku 30 ni asilimia 3.2 kwa adrenalini na 2.4 kwa plasibo, yaani watu wanane zaidi katika elfu. Lakini kati ya walionusurika, wenye madhara makubwa ya ubongo walikuwa asilimia 31.0 upande wa adrenalini na 17.8 upande wa plasibo. Wengi walioongezeka hawakurudi kwenye maisha waliyoyajua. Ndiyo maana, mtu akikuambia dawa "inaongeza uhai", muulize uhai wa namna gani.

Kinachotangulia dawa zote ni mikono ya aliye karibu, inayosukuma kifua bila kusita, na mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Huko nako kuna jipya: utafiti wa Kanada wa mwaka 2022 uliwachukua watu 405 ambao moyo uliendelea kutetemeka baada ya kushtuliwa mara tatu. Walioendelea kwa mtindo ule ule waliruhusiwa kurudi nyumbani asilimia 13.3, waliohamishiwa mgongoni pedi moja ya mashine, yaani kibandiko kinachopitisha umeme, 21.7, na walioshtuliwa kwa mashine mbili mfululizo 30.4.

Vipi kuhusu kuweka bomba la kupumulia?

Kwa kifupi: kifaa cha kuonea koo chenye kamera kilifanikisha jaribio la kwanza la kuweka bomba kwa asilimia 85.1, kisicho na kamera asilimia 70.8 (DEVICE, 2023). Na kumpa mgonjwa hewa ya kusukumwa kwa barakoa iliyobana kabla ya bomba, badala ya barakoa ya kawaida ya oksijeni, kulipunguza wagonjwa ambao oksijeni ya damu iliporomoka kutoka asilimia 18.5 hadi 9.1 (PREOXI, 2024).

Nikiona habari ya "dawa mpya ya ajabu" nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza: ikilinganishwa na nini? Habari isiyo na kundi la kulinganisha ni simulizi. Wakati wa UVIKO-19 haidroksiklorokwini ilisifiwa kwa simulizi. Utafiti wa RECOVERY ulipoipima, haikupunguza vifo. Utafiti huo huo, ulioanza Machi 2020, ulitangaza mwezi Juni kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo, inapunguza vifo vya walio kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, na kwamba haiwasaidii wasiohitaji oksijeni.

Kisha omba upewe namba zote mbili, ya kabla na ya baada. "Inapunguza hatari kwa nusu" inaweza kumaanisha kutoka 40 hadi 20 katika mia, au kutoka 2 hadi 1 katika elfu kumi. Mwandishi anayekupa nusu bila kukupa namba zenyewe amekunyima habari.

Ndugu yangu aliingizwa kwenye utafiti. Nitayapata wapi matokeo?

Karatasi ya ridhaa unayobaki nayo ina jina la utafiti, namba ya usajili, na mawasiliano ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Usiitupe. Kwa namba hiyo unaweza kuutafuta utafiti kwenye Sajili ya Afrika ya Majaribio ya Kitabibu au kwenye tovuti ya Shirika la Afya Duniani inayokusanya sajili za nchi nyingi, bila malipo, ukaona lengo lake na kama umekwisha. Kama karatasi imepotea, nenda kitengo cha utafiti cha hospitali ile, taja tarehe aliyolazwa, uulize. Hata kama ndugu yako alifariki, unayo haki ya kuuliza.